Dripu Nyekundu

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya maji, ukapita saluni, ukaongezewa chumvi kwa waendesha pikipiki, na ulipofika mezani kwa Inspekta ulikuwa umeshaota mikono na miguu: nesi wa dripu amemuua mke wa mtalaka wake kwa sindano nyekundu. Mumewe alichukuliwa, na yeye akangoja mpaka yule aliyemchukua akalala mwenyewe kwenye kiti chake na kunyoosha mkono.

Inspekta alijaribu kuupuuza. Alikuwa mwanamke wa makamo, askari wenzake walimbandika jina la Koleo kwa sababu akishika haachii, na katika kazi yake alikuwa ameshasikia uvumi wa kila rangi. Lakini huu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikunywa chai, ukawa palepale. Alisaini mafaili mengine, ukawa palepale. Kwa sababu mambo yaliyokuwa ndani yake yalikuwa ya kweli. Nesi kweli alikuwa mke wa kwanza wa fundi friji. Marehemu, mshonaji wa nguo mwenye saratani ya titi, kweli alikuwa mke wa pili wa fundi huyohuyo. Dripu kweli ilikuwa nyekundu, na kweli ilitundikwa na mkono wa nesi yule. Na juzi alfajiri mshonaji kweli alikufa, wiki ya pili baada ya dripu yake ya tatu.

Jana watu walirusha mawe kwenye mlango wa kliniki. Polisi wakamtoa nesi kwa mlango wa nyuma, wakamweka selo. Walisema ni kwa usalama wake. Leo asubuhi lugha ilikuwa imebadilika.

"Koleo, hii kesi ina nini cha kupeleleza?" mkuu wa kituo alisema, akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Mtalaka, mke mpya, sindano. Hata mtoto wa darasa la tatu anaiandika."

"Mtoto wa darasa la tatu hataulizwa maswali na wakili, mkubwa."

"Saa tisa nampeleka mahakamani kwa kosa la kuua."

"Saa tisa bado iko mbali," alisema Inspekta, akachukua mkoba wake.

*

Nesi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bado na sare yake nyeupe. Begani kulikuwa na doa la tope, mahali jiwe lilipompata. Hakulia. Alimwangalia Inspekta kama anavyomwangalia mgonjwa mpya, kuanzia miguuni kupanda juu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Mama wa marehemu anasema ulimchoma binti yake mara mbili siku ile. Mkono wa kushoto, halafu wa kulia. Ni kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Aliniambia panawaka. Ile dawa, mama, ikitoka nje ya mshipa ikamwagika chini ya ngozi, inaozesha nyama. Mgonjwa akisema panawaka, unafunga. Hubishani naye, humwambii avumilie. Nilifunga, nikaivuta iliyobaki kwenye paipu, nikamwita daktari akaangalia, nikamwekea barafu. Ndipo tukahamia mkono wa pili."

"Na ule wa kushoto ukawaje?"

"Ulikuwa mwekundu kidogo, ukapoa. Kautazameni huko mochwari kama hamniamini."

Inspekta alikuwa ameshautazama. Mgongo wa mkono wa kushoto wa mshonaji ulikuwa safi, na alama ndogo tu ya sindano. Mtu anayetaka kumuumiza mwenzake angeiacha dawa iendelee kumwagika, halafu angesema ni bahati mbaya.

"Ulimchukia?"

"Miaka miwili nilimchukia sana. Halafu nikachoka. Kumchukia mtu ni kazi, mama, na mimi nina kazi nyingine."

"Ungeweza kukataa kumhudumia."

"Nilikataa! Mwulize muuguzi mkuu. Nilimwomba anipangie wagonjwa wengine." Kwa mara ya kwanza midomo ya nesi ilicheza kidogo, kama inataka kucheka ikasahau namna. "Mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania. Alisema wengine wanamtafuta mshipa kama watu wanaotafuta ufunguo gizani. Akanishika mkono mbele ya watu, akasema, 'Dada, mume nilikuchukulia, nimekiri. Lakini mshipa usininyime.' Chumba kizima kilicheka. Mimi pia."

Inspekta aliandika hayo kwenye daftari lake.

"Baada ya siku ya dripu ulimwona tena?"

"Hapana. Ila nilimpigia simu. Wiki ya pili nawapigia wote, maana ndipo damu inapokuwa dhaifu. Nauliza: una homa? Unatetemeka? Una vidonda mdomoni? Simu yake alipokea mama yake."

"Akasema?"

"'Hajambo kabisa, nimempima sasa hivi, hana homa.' Nikamuuliza kama anatetemeka. Akasema hapana." Nesi aliinamisha kichwa. "Ningesema nipeni niongee naye mwenyewe. Nilikuwa na wengine wa kupigia."

*

Konstebo aliyeendesha gari alikuwa haogopi risasi ila sindano. Walipofika kwenye kliniki alisema atabaki kulinda gari.

"Litaibwa na nani hapa, wagonjwa?" Inspekta alimuuliza. "Shuka."

Kioo cha mlango kilikuwa kimepasuka, kikazibwa kwa boksi. Ndani kulikuwa na viti sita vya kulalia, kila kimoja na mti wa chuma wa kutundikia dripu. Vitano vilikuwa tupu. Kwenye cha sita alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, mkono umenyooshwa juu ya mto, na nesi mgeni aliyeazimwa kutoka wodi nyingine amekaa karibu naye hatoi macho kwenye mshipa.

"Mzee wangu, wewe huogopi?" aliuliza Inspekta.

"Niogope nini? Mimi nimeshazeeka. Wakiniua, wameniwahisha tu." Alicheka kidogo, halafu akanyanyua kidevu kuelekea kiti cha pembeni. "Lakini huyu jirani yangu hakuja. Leo ilikuwa zamu yake. Ana watoto watatu, mdogo bado ananyonya vidole. Nimempigia, mumewe anasema hawaji tena, wamesikia mambo. Wataenda kutafuta mizizi. Sasa mwambieni huyo mnayemtafuta, yeyote yule, kwamba hajaua mmoja."

Konstebo aliangalia viti vitupu, akaacha kuchezea funguo za gari.

Mfamasia alikuwa mwanamume mnene, mwenye maneno ya polepole. Aliwasimamisha kwenye mstari uliochorwa sakafuni. "Msivuke hapo bila gauni na glavu." Nyuma yake kulikuwa na kabati la kioo lenye feni inayovuta hewa, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa glavu mbilimbili, moja juu ya nyingine.

"Watu wanauliza," alisema Inspekta, "kama hii ni dawa, kwa nini mnaivalia kama mnashika sumu?"

"Kwa sababu ni sumu." Alisema bila kupandisha sauti. "Inaua kitu kinachokua haraka. Saratani inakua haraka. Nywele nazo zinakua haraka, ndiyo maana zinanyonyoka. Ngozi ya ndani ya mdomo, ndiyo maana vinatoka vidonda. Tumbo, ndiyo maana wanatapika. Mgonjwa anaipata kwa kipimo chake, anapumzika wiki tatu, anaipata tena. Mimi nisipojikinga nitakuwa naivuta kila siku, ilhali siumwi chochote. Hata nyumbani tunawaambia: siku mbili tatu za kwanza, mkojo wake na matapishi yake msivishike mikono mitupu."

"Mama mzazi anasema binti alikojoa damu siku ileile."

Mfamasia alichukua kichupa kidogo kutoka kabatini, akakinyanyua kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na kimiminika chekundu kama juisi ya rosela.

"Hii inaingia nyekundu, inatoka nyekundu. Siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au ikitoka na mabonge, waje. Kila mgonjwa anaambiwa."

Konstebo aliandika, akikwepa kuangalia sindano zilizokuwa kwenye trei.

"Nesi angeweza kuzidisha?"

"Mfuko unatoka hapa umeshafungwa. Napima mimi, mwenzangu anahakiki, kwa urefu na uzito wa mgonjwa na majibu ya damu ya siku hiyo. Moyo wake ulipimwa kabla hatujaanza, maana dawa hii inachosha moyo. Nesi anatundika na kuangalia tu. Ili azidishe angehitaji vichupa, na vichupa viko hapa, ndani ya kufuli langu. Hakuna kilichopungua. Hesabuni."

Walihesabu. Hakikupungua hata kimoja. Inspekta alifungua ukurasa mwingine. Daktari aliyempasua marehemu alikuwa amesema mambo mawili: mwili mzima ulijaa vijidudu, na chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana navyo, zilikuwa karibu zimekwisha.

"Mkuu wangu atasema dawa ndiyo iliyozimaliza hizo chembe."

"Na atakuwa amesema kweli," alijibu mfamasia. "Wiki ya pili zinashuka kwa kila mtu. Yule mzee wa kofia zake zitashuka. Halafu zinapanda zenyewe. Hatari ni kijidudu kikiingia siku ambazo mlango hauna mlinzi. Inaweza kuwa kijidudu kidogo tu, kutoka mdomoni mwake mwenyewe. Akiwahi hapa siku hiyohiyo, tunamwekea dawa ya kuua vijidudu kwenye mshipa, wengi wanapona. Akichelewa, kinamla kwa siku chache."

"Atajuaje kimeingia? Atatoka usaha? Atavimba?"

"Hapana. Usaha unatengenezwa na hizohizo chembe, na yeye hana. Kinachobaki ni homa. Homa ndiyo king'ora pekee alichonacho."

"Huyu king'ora chake hakikulia. Mama yake alimpima kila siku."

Mfamasia alikirudisha kichupa kabatini, akafunga kufuli.

"Huwa kinalia, afande," alisema.

*

"Ni mume," alisema Konstebo walipokuwa njiani. "Fundi friji. Mke wa kwanza kamwacha, wa pili kaugua, gharama, usumbufu. Mimi namtilia shaka mtu yeyote mwenye gesi ndani ya mitungi."

"Gesi ya friji ingeonekana kwenye mapafu. Endesha."

"Mimi natoa tu mawazo, mama."

"Yatoe barabarani, kuna shimo hapo mbele."

Walimkuta fundi amekaa kwenye kibaraza, katikati ya friji mbili zilizofunguliwa migongo. Alikuwa ameshika bisibisi, haifungui kitu. Inspekta alimpa pole, akavuta kigoda.

"Shemeji, mke wako alianza kuzidiwa lini?"

"Alianza kama mtu mwenye mafua. Mwili unauma, hataki kula. Nikamwambia mama mkwe turudi hospitali." Aliigeuza bisibisi mkononi. "Akaniambia mimi ni fundi wa friji, nikapoze friji. Mtoto ni wake, yeye ndiye anayejua kumlea."

"Ukanyamaza."

"Ni mama mkwe, afande. Na kipimo alikuwa nacho. Kila nikiuliza ananionyesha: angalia, hana homa. Mimi nitabishana na kipimo?"

Nyuma ya nyumba mdogo wa marehemu, msichana mwenye macho yaliyovimba, alikuwa anafua. Kwenye kamba kulikuwa na mablanketi matatu na mashuka kibao, yote ya kitanda kimoja. Jua lilikuwa linachoma vichwa.

"Mablanketi matatu, joto lote hili?" Inspekta aliuliza, akilipapasa moja.

"Dada alikuwa anasikia baridi. Baridi mbaya. Alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Jirani akauliza tunapigilia nini."

"Halafu?"

"Halafu inapita. Anatoka jasho, shuka linalowa kama limetoka mtoni. Mama anambadilisha. Anapata nafuu, anaomba hata kushona. Halafu inarudi."

"Kila siku?"

"Mchana na usiku."

Inspekta aliliachia blanketi. Mtu anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, na kipimo kinasema hana homa. Kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kinadanganya, na blanketi halikuwa na sababu ya kudanganya.

Chumbani cherehani ya marehemu ilikuwa dirishani, na chini ya sindano yake bado kulikuwa na gauni la mtoto, mkono mmoja umeshashonwa, wa pili bado. Mama mzazi alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima. Alikuwa mwanamke mwembamba, safi, mwenye sauti iliyochakaa kwa kilio.

"Mmemfunga?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Yuko selo, mama. Pole sana na msiba."

"Pole zenu sizitaki. Nataka afungwe." Alinyoosha mkono kwenye meza ndogo, akachukua kipima homa. Kilikuwa kwenye kikasha chake, kimefutwa vizuri. "Walinipa hiki hospitali. Wakasema kipimo kikivuka thelathini na nane tukimbie. Nimempima asubuhi, mchana, jioni. Hakikuvuka hata thelathini na saba. Sikulala. Sasa niambieni nyie mliosoma, mtu hana homa, hana kidonda, anakufaje kama si sumu?"

"Hilo ndilo lililonileta." Inspekta alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, akavua saa yake, akakunja mkono wa shati. "Mimi sijui kutumia hiki kitu. Nionyeshe ulivyokuwa unafanya. Mimi niwe yeye. Nimeamka asubuhi, najisikia vibaya."

"Mambo gani haya ya kitoto?"

"Nisaidie tu, mama. Kwa ajili ya faili."

Mama alimwangalia, akainuka. Mikono yake ilianza kazi kabla yeye mwenyewe hajakubali, kwa mazoea. Aliweka mgongo wa kiganja kwenye paji la uso la Inspekta. Akatikisa kichwa. Akafungua mtoto wa meza, akatoa pakiti ya vidonge vya homa, akaminya viwili, akavimimina kwenye kiganja cha Inspekta. Akamimina maji kwenye kikombe.

"Meza kwanza," alisema.

Konstebo aliacha kuandika.

Inspekta aliviangalia vidonge kiganjani. Vyeupe, vya kawaida, vile vinavyopatikana kwenye kila duka. "Nikishameza?"

"Unajifunika. Unatoka jasho. Jasho likikauka nakufuta, nabadilisha shuka. Ndipo nakupima."

"Kwa nini usinipime kabla?"

"Kabla?" Mama alishangaa kweli. "Kumpima mtu akiwa anaungua si kumpima. Ile inapita tu. Mimi nilitaka kujua hali yake yenyewe, akiwa ametulia."

"Hospitali walikuambia umpe hivi vidonge?"

"Hapana. Wao walisema tukimbie." Sauti yake ilipanda. "Tulikimbia, afande! Dripu ya pili. Tulifika pale siku yenyewe, kipimo kikasoma thelathini na nane na kitu. Wakamwekea dawa nyingine, dripu wakatunyima. Rudini baada ya wiki. Wiki nzima! Nililala naye kitanda hiki, mkono wangu juu ya lile titi, na kila usiku nikaona kama linakua mkononi mwangu. Nikajiambia hilo halinipati tena. Akipata joto, nalishusha mwenyewe. Siku ya dripu ikifika, wasiwe na cha kutunyima."

"Na nesi alipopiga simu?"

"Nilimwambia ukweli. Hakuwa na homa."

"Saa ile."

"Saa ile, ndiyo."

"Alikuuliza kama anatetemeka."

"Alikuwa ameshaacha."

Inspekta aliinuka, akaenda kwenye cherehani. Tangu anaingia alikuwa ameona mguu wake mmoja umewekewa kitu cha kung'aa. Aliinama akakivuta. Cherehani ikainama upande, mguu ukagonga sakafu, tak. Mkononi mwake kulikuwa na furushi la karatasi za rangi ya fedha zilizokunjwakunjwa, zile zinazobaki vidonge vikishaisha. Alizikunjua moja moja juu ya meza, pembeni ya gauni la mtoto. Zilijaza meza.

"Hizi zote ni za wiki yake ya mwisho, mama?"

Mama aliitazama cherehani iliyoinama. "Ilikuwa inayumba," alisema. "Akaniambia, mama, leta hayo makaratasi yako na yenyewe yapate kazi."

Nje maji yalikuwa yanamwagika kwenye karai. Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni, shuka lililolowa mikononi, linadondosha matone.

Inspekta alivirudisha vidonge viwili mezani. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma maelezo ya shahidi ili ayasahihishe. Daktari alikuta vijidudu. Vijidudu huleta homa. Homa ilikuja, ndiyo ile iliyogonga kitanda ukutani. Vidonge viliishusha bila kuviua vijidudu. Kipimo kilipowekwa, kilisema kweli kuhusu vidonge.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikaa chini, si kitandani, chini kabisa sakafuni, akaegemea ubavu wa kitanda.

"Yule mtalaka?"

"Alifanya kazi yake."

"Ile damu kwenye mkojo?"

"Ni rangi ya dawa."

"Kumchoma mara mbili?"

"Alikuwa anauokoa mkono."

Mama aliitikia kwa kichwa kila jibu, kama mtu anayepokea mizigo na kuiweka chini mmoja mmoja. "Kwenye foleni ya maji," alisema, "mimi ndiye niliyeanza. Niliwaambia ni yeye."

"Najua, mama."

"Basi nifungeni mimi."

"Kwa kosa gani?"

"Nyie ndio mnajua makosa!"

Inspekta aliinuka. Alitoka kibarazani, akampigia mkuu wa kituo. Alimweleza kwa sentensi chache. Mkuu aliuliza kama ana uhakika, akaambiwa ndiyo.

"Mfungulie," alisema Inspekta. "Na umtafutie gari limpeleke nyumbani. Asitembee kwa miguu leo."

Aliporudi ndani, fundi friji alikuwa amepiga magoti karibu na mama mkwe wake, amemshika bega. Mama aliinua uso.

"Una karatasi, afande?"

"Ninayo."

"Mimi mwandiko wangu ni wa darasa la nne, naandika polepole. Andika wewe. Ukimaliza, ukaibandike pale pale kwenye maji, niliposemea yale mengine. Usinipambie. Andika ninavyosema."

Inspekta alivuta kiti kwenye meza, akasogeza karatasi za vidonge pembeni, akaandika.

*

Mwenye mgonjwa wa dripu ya saratani, epuka haya:

Usimpe dawa ya homa kabla ya kumpima. Pima kwanza, akiwa anaungua hivyohivyo.

Kipimo kikifika thelathini na nane usikae nyumbani. Usingoje asubuhi, usingoje ishuke. Akitetemeka, mpeleke hata kama kipimo hakisemi kitu.

Usiogope kurudishwa bila dripu. Dripu inangoja.

Sindano ikiwaka, mgonjwa asinyamaze eti asiwasumbue. Aseme palepale.

Usiliguse lile gurudumu la kwenye paipu ili dripu ikimbie. Wewe si nesi.

Usishike mkojo wake na matapishi bila glavu zile siku za kwanza. Mjamzito asishike kabisa.

Mkojo mwekundu siku ya kwanza na ya pili usikutishe. Ukiendelea, nenda.

Usimruhusu mtu mwenye mafua aingie chumbani, hata kama ni ndugu yako na atanuna.

Usimchanganyie mizizi wala majani bila kumwambia daktari.

Akihema sana, akivimba miguu, moyo ukimwenda mbio, usimwambie ni uchovu.

Usikimbie dripu kwa sababu ya maneno ya hapa kwenye maji. Yale maneno niliyasema mimi, na hayakuwa kweli. Yule dada hakumuua mtu.

Wakipiga simu kuuliza hali ya mwanao, usiseme hajambo. Mpe simu aongee mwenyewe.